Mvua ya Juu

Ishiara, Embu
8 Mei 2024

Bwana Yusuf Khalifa,

Nilimpoteza mume wangu, Gachoki, Jumanne tarehe 23 Aprili, saa tisa na dakika ishirini alasiri, jua likiwaka. Naanza na hilo ili usinijibu kwa pole nyingi kabla ya kujua nauliza nini.

Siku hiyo kipimo cha mvua mlichonifungia uani mwaka wa 2016 kilisoma sifuri. Wiki nzima kilikuwa kimekusanya milimita 3.2, mvua ya kulaza vumbi tu. Huku kwetu chini mbingu ilikuwa nyeupe. Halafu Thuci, mto wetu, ikaja. Sisemi ilipanda. Mto wa kupanda nimeuona miaka mingi, unapanda kama uji jikoni, unakupa nafasi ya kukimbilia mwiko. Huu ulikuja umesimama, rangi ya chai ya maziwa, umebeba migomba ya watu wa juu pamoja na mizizi yake.

Tulimpata Ijumaa, kilomita kumi na moja kutoka shambani, karibu na pale Thuci inapoingia Tana. Tumemzika tarehe 2. Mipapai 412 imekwenda, na udongo wake pia. Palipokuwa na shamba sasa ni mawe matupu. Pampu kumi na moja za majirani zimekwenda. Lile jiwe letu la alama, ambalo mimi na Gachoki tulilichonga kila futi moja ili tujue mto umefika wapi, sijaliona tena.

Jumapili tarehe 21 simu yangu ilipokea ujumbe kutoka kwenu. Nimeunakili hapa neno kwa neno:

"TAHADHARI. Mvua ya juu 22-25 Aprili. Mito itaweza kufurika. Walio kando ya mito wawe macho. Sauti ya Msimu, kwa hisani ya wafadhili wetu."

Maswali yangu ni mawili. Nani aliandika maneno haya? Na je, hayo ndiyo yote yaliyoandikwa, au kuna mengine ambayo hayakutufikia?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu nimeizima nikaitia ndani ya debe la pojo. Zuleka, mama anayenunua pojo zangu kwa ajili ya soko la Gakoromone huko Meru, hushuka kwangu kila Alhamisi. Yeye atabeba barua za kwenda na za kurudi. Karatasi haina kikomo cha maneno.

Fomu ya mvua ya Aprili nimeitia ndani ya bahasha hii, kama kila mwezi.

Virginia Kanini
(Mama Kaari)

*

Kaaga, Meru
14 Mei 2024

Mama Kaari,

Umenikataza pole nyingi, basi nitatoa moja. Mzee Gachoki alinikaribisha kwenye kibanda chake cha pampu nikiwa kijana sina kazi ya maana, akanipa papai zima na kisu. Alijua ni Ramadhani, akaniambia nilibebe nikafuturu nalo. Mwenyezi Mungu ampumzishe.

Kuhusu ujumbe: uliandikwa hapa ofisini kwa mujibu wa utabiri wa wiki, ukapitishwa, ukafupishwa ili uingie kwenye simu, na ukatumwa kwa watu wote waliojiandikisha, juu na chini. Kazi yetu huwa hivyo.

Mlimani kulinyesha sana. Najua umeona mafuriko, lakini haya si yale ya zamani, nami ningependa uelewe kwa nini. Unakumbuka lile kapu la kupikia tulilofundishana kwenye semina? Sufuria ya pojo unaitoa motoni ikichemka, unaizungushia gunia na nguo kuukuu, na inaendelea kuiva bila kuni. Joto liko ndani, halina pa kutokea. Dunia sasa imo kapuni. Moshi wa makaa ya mawe, wa petroli, wa viwanda na wa misitu inayochomwa ndio gunia lenyewe, na kila mwaka linaongezwa tabaka. Tangu viwanda vianze, joto la dunia limepanda kupita nyuzi moja. Utaniuliza nyuzi moja ni nini, hata chai haichemki kwayo. Lakini hewa ikipata joto hubeba maji zaidi, karibu asilimia saba kwa kila nyuzi. Kwa hiyo mawingu yanakaa muda mrefu bila kutoa kitu, nanyi huko chini mnaita ukame. Halafu siku yakitua kwenye mlima, yanamwaga kwa saa nne kilichokuwa cha mwezi mzima.

Kwa hiyo haya tusiyaone kama kosa la mtu mmoja.

Nakuombea subira.

Wako,
Yusuf Khalifa

*

Ishiara
22 Mei 2024

Bwana Yusuf,

Nimesoma barua yako mara tatu. Uliandikwa, ukapitishwa, ukafupishwa, ukatumwa. Vitenzi vinne na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Mwalimu wangu wa darasa la saba angekupiga kwa rula. Nikisema "Gachoki alizikwa", kuna watu walioshika majembe, na majina yao nayajua.

Halafu unaniambia "kulinyesha sana". Sana ni milimita ngapi? Uliniambia mwenyewe kwamba kazi yako ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye mizani ya babu yako, muuza nyama pale Meru mjini. Mizani ya babu yako ilikuwa inasema "sana"? Huko juu kwenye majani chai mmeweka kipimo kama changu, na Njoka, yule mlinzi wa kituo cha kununulia majani, hukisoma saa tatu asubuhi kama mimi. Siku hiyo kilisoma ngapi?

Kapu nimelielewa. Nilianza maisha nikiwa na miaka kumi na tisa, na punda wawili na mitungi minane, nauza maji ya Thuci hapa Ishiara. Sikurithi shamba. Naelewa joto, naelewa maji, na naelewa mzigo. Sasa niambie hili: nani alilifunga hilo gunia? Pampu yangu inakunywa lita tatu za petroli kwa siku, siku tisini kwa mwaka. Lita 270. Hicho ndicho kipande changu cha gunia, na nitakijibu mbele ya Mungu. Wengine watajibu lini?

Lakini nimetoka kwenye hoja, na nafikiri ndivyo ulivyotaka.

Hoja ni neno "juu". Wewe ni wa mjini, pengine hujui juu ni wapi. Huku kwetu juu ni mahali. Juu ni Runyenjes kwenda mlimani, kwenye kahawa na majani chai, kwenye ng'ombe wa gredi na watu wanaovaa sweta mchana. Sisi ni wa chini. Tukisema "mvua ya juu" tunasema mvua ya wale, isiyotufikia. Tena kwetu ni habari njema: mvua ya juu ikinyesha, mto unaongezeka kidogo, maji yanafikia mpira wa pampu, nasi tunamwagilia bila kulowa. Siku ya mvua ya juu ndiyo siku ya kushuka mtoni.

Nyumba 23 hapa kando ya mto zilipokea ujumbe wenu, na nyumba 23 zilisoma hivi: mvua iko kwa watu wa juu, na wale walio kando ya mito ya huko wawe macho. Mkatuma tahadhari ya kifo, tukasoma mwaliko.

Kwa hiyo nauliza tena. Ujumbe kamili ulisemaje, na ni nani aliyeukata?

Virginia Kanini

*

Kaaga, Meru
11 Juni 2024

Mama Kaari,

Ni mimi niliyeukata.

Meneja wangu ameniagiza nisijibu barua zako, kwamba jambo hili sasa liko chini ya uchunguzi wa ndani. Hii naiandikia nyumbani kwangu. Ujumbe kamili, kama nilivyouandika mwenyewe Jumapili ile, ni huu:

"TAHADHARI. Mvua ya juu ya wastani inatarajiwa mlimani 22-25 Aprili. Mito itaweza kufurika ghafla hata mahali ambapo hapanyeshi. Walio kando ya mito waondoke mara moja."

Simu inabeba herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Ukizidi, unagawanyika vipande viwili, na kipande cha pili mara nyingi hufika kesho yake, au kisifike. Meneja akasema jina la mradi na wafadhili lazima lionekane mwisho. Akasema pia "waondoke mara moja" litazua hofu, tuweke "wawe macho". Hayo ni yake.

"Wastani" ni langu. Unakumbuka kikao cha Embu mwaka juzi? Niliuliza nani anajua maana ya mvua ya juu ya wastani, na mzee mmoja akasema wastani ni mtoto wa namba ishirini darasani, hapati zawadi wala hapigwi. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikajiambia neno hili haliwasaidii, linawatisha tu kama Kiswahili cha mtihani. Nikaliondoa kwa heshima yenu, Mama Kaari. Sikujua kwamba "juu" likibaki peke yake lina shamba na lina sweta.

Umeuliza nani alilifunga gunia. Lita zako 270 ni kama kilo mia sita za hewa ya ukaa. Kenya nzima, na magari yake yote, haifiki sehemu moja katika mia ya moshi wa dunia. Gunia limefungwa na wengine, wengi wao mbali sana. Sina namna ya kukupa anwani yao.

Sasa kuna jambo ambalo ni afadhali ulisikie kwangu. Fomu yako ya Aprili ilifika na barua yako ya kwanza. Umeijaza yote, hata siku zile tatu mlizokuwa mkimtafuta: 0.0, 0.0, 1.4. Sijui mtu mwingine ambaye angeweza. Lakini kwenye safu ya maelezo, tarehe 23, saa tatu asubuhi, umeandika kwa mkono wako: "0.0. Mvua ya juu. G. ameshuka mtoni kuweka pampu."

Meneja ameipiga nakala. Anasema inaonyesha kwamba msomaji wetu wa mvua mwenyewe aliupata ujumbe, akauelewa kivyake, na hakumzuia mtu.

Kaari naye alikuja ofisini wiki jana kutoka Nchiru, akaniuliza kama baba yake aliusoma ujumbe. Nilimwambia sijui. Mama Kaari, mzee Gachoki hakuwa akisoma bila miwani, na kila aliponipigia alisema miwani inakaa kwako. Ni nani aliyemsomea?

Yusuf

*

Ishiara
17 Julai 2024

Yusuf,

Wiki tano nimekaa na barua yako. Mara nne Zuleka aliondoka mikono mitupu, akaniambia kule sokoni unamngoja kwenye mizigo ya viazi kama mtu aliyepoteza kitambulisho.

Nitaanza na hesabu, kwa sababu ndiyo ninayoiweza. Ujumbe wako kamili una herufi 167, pamoja na nafasi na nukta. Ungeondoa "mara moja" peke yake, ungebaki na 157 na ungeingia mzima. Ule mliotuma una 137. Nafasi 23 zilibaki tupu. Jina la mradi na wafadhili limekula herufi 45. "Hata mahali ambapo hapanyeshi" ni herufi 29. Gachoki amekufa kwa herufi 29, na wafadhili, ambao hakuna mtu hapa anayewajua kwa sura, wana 45.

Hiyo ni hesabu yako. Sasa yangu.

Mimi ndiye niliyemsomea. Mimi ndiye niliyewasomea wote. Jumapili ile wakitoka kanisani walipitia kwangu mmoja mmoja, kwa sababu mimi ndiye mama wa mvua, mimi ndiye mwenye kipimo na kitabu, na kila mmoja akanyoosha simu yake: Mama Kaari, hii "juu" ni nini? Nikawajibu wote, nyumba 22, na ya ishirini na tatu ni yangu. Hiyo ni ya wale wa juu, nikasema. Wekeni pampu.

Jumanne asubuhi Gachoki alishuka, akarudi kabla ya saa tatu. Alikuwa na matope kidoleni, ananusa. Akaniambia, "Mama Kaari, mto unanuka udongo. Tungoje kesho."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kipimo. Nikamwambia bila kugeuka, "Nimeandika miaka minane. Huo mto haujawahi kupita alama ya sita. Novemba ya 2019 ndiyo ilikuwa kubwa, na ilifika sita. Pampu iko alama ya nane."

Akacheka. Akasema, "Sawa, wewe ndiye mwenye kitabu." Akaenda.

Nikaandika: G. ameshuka mtoni kuweka pampu.

Maji yalipokuja wengine waliacha pampu wakakimbia. Yeye alirudi kufungua bolti. Alijua ile pampu nimeipata kwa mgongo wa punda. Mtoto wa jirani alimwona akiwa na spana mkononi, maji yakiwa kifuani.

Nimeficha haya kwa kila mtu. Mazishini mchungaji alisema ni kazi ya Mungu, mzee wa kijiji akasema ni kazi ya mradi, nami nikaitikia zote mbili. Nilikuandikia barua ya kwanza nikitaka kosa lipate mwenyewe wa mbali, mwenye ofisi na jina kwenye mlango. Umeniletea jina lako. Nimeliweka kando ya langu na langu halijapungua uzito.

Lakini kuna jambo bado silielewi, na hili naomba unieleze kama mwalimu, usinieleze kama mshtakiwa. Kitabu changu hakina uongo. Miaka minane, kila siku saa tatu, sijaruka hata siku niliyougua malaria. Nilimwambia ukweli: haujawahi kupita sita. Ukweli unamuuaje mtu?

Na Njoka wa juu alisoma ngapi? Hilo hujanijibu. Naanza kufikiri najua kwa nini.

Virginia

*

Nchiru, Meru
9 Septemba 2024

Mama Kaari,

Anwani imebadilika. Uchunguzi wa ndani ulimalizika mwezi wa nane. Ripoti inasema ujumbe ulitumwa kwa wakati na kwamba "jamii inahitaji elimu zaidi". Niliomba barua yangu ya Juni iambatanishwe. Haikuambatanishwa, na mkataba wangu haukuongezwa. Sasa nafundisha kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya kibanda cha chapati hapa Nchiru. Utabiri bado naupata, kwa kuwa niliofanya nao kazi hunitumia.

Njoka alisoma milimita 118. Saa tatu asubuhi, tarehe 23. Alinipigia mwenyewe, akaniambia, "Yusuf, leo chupa imejaa, nimemwaga nikapima mara mbili." Nikaiingiza kwenye jedwali saa tatu na dakika arobaini. Yako ya sifuri niliiingiza chini yake, mistari miwili baadaye. Niliziona pamoja. Kutoka kwa Njoka hadi kwako maji huchukua saa nne au tano. Siku ile yalichukua zaidi kidogo. Nilikuwa na saa tano na dakika arobaini na nambari yako ya simu. Nikajiambia tahadhari tumeshatuma Jumapili, wako macho. Nikaenda kunywa chai.

Hilo ndilo sikutaka kukujibu. Sasa umelipata.

Umeuliza ukweli unamuuaje mtu. Nitajaribu kujibu. Kitabu chako kinasema mto ulifanya nini. Zamani hilo lilitosha, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa kama baba mkali: ana hasira, lakini hasira zake unazijua, na ukiishi naye miaka minane unajua atafika wapi. Joto limebadilisha baba. Vipimo vya zamani ni vya kweli, ila ni vya mtu ambaye hayupo tena nyumbani. Barafu ya mlima, ambayo babu yangu alikuwa akiiona nyeupe akifungua duka alfajiri, leo imebaki madoa. Alama ya sita ilikuwa ya mlima ule. Hukumdanganya mzee, Mama Kaari. Ulimwambia habari za mto uliokwisha kufa.

Sasa msimu wa Oktoba hadi Desemba. Nakuandikia kwa ukamilifu, hakuna herufi nitakayokata. Kwa upande wenu wa chini: nafasi 40 katika 100 kwamba mvua itakuwa chini ya wastani, 35 kwamba itakuwa ya wastani, 25 kwamba itapita wastani. Wastani maana yake ni ile mvua ya miaka thelathini ukiichanganya kwenye debe moja kisha ukaigawa sawa kwa kila mwaka. Kwa hiyo kinachoelekea zaidi ni ukame. Lakini msimu mkavu si msimu salama. Hewa hii ya moto inaweza kuwanyima miezi miwili na nusu, halafu mlimani ikamwaga siku moja tu kama ile ya 23 Aprili. Jumla ya msimu itaonekana ndogo kwenye jedwali, na mtu atakuwa amekufa ndani ya jumla ndogo.

Yanayoweza kufanyika: pampu zipande mita thelathini kutoka ukingoni, mpira urefushwe. Miti ya ukingo msiikate. Mashimo ya kukinga maji shambani, kwa ajili ya mtama na pojo badala ya papai. Na Njoka amekubali kukupigia wewe moja kwa moja kila akisoma zaidi ya milimita 50. Itoe simu kwenye debe.

Kaari nimemwona hapa Nchiru mara moja. Alinisalimia, akavuka barabara.

Yusuf

*

Ishiara
25 Septemba 2024

Yusuf,

Simu nimeitoa. Njoka alinipigia Jumamosi kunijaribu. Tulizungumza dakika mbili, ya tatu mtandao ukakatika. Nilimwuliza mvua ikinyesha vizuri huko kwao mtandao huwaje. Akasema hapo ndipo hupotea kabisa, mpaka apande kwenye paa la kituo. Kwa hiyo kamba uliyonifungia ina uzi mmoja, na mvua ndiyo inayoukata. Nashukuru hata hivyo. Uzi mmoja ni zaidi ya tuliokuwa nao Aprili.

Kaari nilimwambia mwenyewe tarehe 24 Julai, kabla meneja wako hajamwonyesha nakala. Nilimwambia jikoni, tukichambua pojo. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akafunga mkoba wake, akarudi Nchiru. Leo ni siku ya 63. Hajapiga simu. Ukimwona tena usimwambie chochote, mwache avuke barabara.

Mashimo tumechimba, 140 kwa mikono yetu. Miti ya ukingo tulipanda 300 mwezi wa Mei, ile iliyoletwa na kanisa. Iliyo hai ni 212, nimeihesabu jana. Mizizi yake itaanza kushika udongo baada ya miaka sita au saba. Pojo tulizovuna Julai zimebaki magunia mawili kwa nyumba, nyingine gunia moja. Kwa midomo iliyopo, zinafika katikati ya Novemba. Mwenye nguvu ya kurefusha mpira mita thelathini hapa ni nyumba nne. Waliobaki 19 wana vipampu vidogo, vingine vilivyonunuliwa kwa kuchanga baada ya mafuriko, na mpira unaofika mita nane.

Sasa ona nilipo. Ukame ukija kama unavyosema, 40 kwa 100, wasioshuka mtoni watalala njaa kuanzia Novemba, na kuna watoto wachanga sita. Wakishuka, na mlima ukafanya ile siku yake moja, nitahesabu tena kilomita hadi Tana. Jumapili iliyopita wakitoka kanisani walisimama uani kwangu wote pamoja. Hakuna aliyenyoosha simu. Mzee Kivuti, ambaye pampu yake ya kwanza ilienda na Gachoki, ndiye aliyesema, "Mama Kaari, wewe tuambie tu. Tushuke au tusishuke."

Baada ya yote bado wananiuliza mimi. Nilitamani wanitukane.

Nikawasomea barua yako, yote, na debe la miaka thelathini na 40 na 35 na 25. Walisikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza tangazo la ndoa ya wageni. Kivuti akasema, "Hizo ni nambari. Nimeuliza kuhusu miguu yangu."

Najua utakachonijibu. Utasema sayansi haisemi ndiyo wala hapana, inasema nafasi. Utasema uamuzi ni wa jamii. Hayo ni kama maneno ya ripoti ya meneja wako, ile iliyokufukuzisha. Mguu wa Kivuti hauwezi kushuka asilimia 60 ukabaki nyumbani asilimia 40. Utaingia kwenye maji au hautaingia. Yule anayenipa nambari halafu akakaa mbali na jibu, ananiachia mimi jibu lote, na mimi nililibeba peke yangu mara moja, nikiwa nimeinama kwenye kipimo, bila kugeuka.

Safari hii sitajibu peke yangu. Nitawasimamisha hapa uani Alhamisi ijayo, tarehe 3 Oktoba. Zuleka hufika saa tatu asubuhi, wakati ninaposoma kipimo. Awe na karatasi yako mkononi. Iwe na neno moja: Shukeni, au Msishuke. Chini yake jina lako, lote, na mimi nitaandika langu kando yake mbele yao. Ukikosea, tumekosea wawili. Usiniandikie wastani. Usiniandikie juu.

Kesho yake asubuhi watu watabeba pampu, au watazifungia ndani.

Wewe ulikuwa na 118, mimi nilikuwa na sifuri, saa ileile. Sasa tuna kitabu kimoja. Yusuf mwanangu, tushuke au tusishuke?

Virginia Kanini
Nangoja Alhamisi, tarehe 3, saa tatu asubuhi